Fimbo na Kibuyu cha Maziwa

Miaka ile, kabla ya uhuru, mtu mweusi hakwenda mbali na kwao bila karatasi ya ruhusa. Yangu nilikuwa nimeisoma njia nzima tangu Masisi, nikihofia kwamba mhuri umefifia. Nilikuwa nimetoka shule ya ualimu, na Jumatatu nilitakiwa kuanza kazi Walikale. Mwalimu aliyechelewa siku ya kwanza, darasa lake alipewa mwingine.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, gari la Mzungu lilikuwa mbele ya lori letu. Askari alipiga saluti, akainua mti, likapita. Sisi tukaambiwa tushuke na mizigo yote. Walitafuta dhahabu na lotoko, pombe kali ya kienyeji, na walivitafuta kwa weusi tu.

Mama mmoja wa milimani alikumbatia kibuyu. Alikuwa akimpelekea maziwa ya kuganda binti yake aliyejifungua.

"Iko nini mu hii?"

"Maziwa, papa. Nusa."

"Ao lotoko?" Askari akainua fimbo yake yenye tope aichovye ndani.

Askari yule alitoka mbali. Hakujua kwamba kwetu wafugaji, kuchovya fimbo kwenye maziwa ni kuwaombea ng'ombe wakauke. Mama alifumba macho. Mimi, ninayefikiri mara saba kabla ya kusalimia, nikakuta kiganja changu kimeziba mdomo wa kibuyu.

"Mu gari ya muzungu haukuingiza fimbo," nilisema.

"Wewe njo nani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wa nani? Bado haujafundisha hata mbuzi."

Abiria walicheka. Askari akaendelea: "Tosha mukono, ao unabaki hapa."

Niliwaza Jumatatu, nikamwaza baba aliyeuza ndama kwa ajili ya masomo yangu. Mkono sikuutoa.

"Mama afunge kwanza."

Nyuma yetu gari jingine la Mzungu likapiga honi. Askari akaharakisha. "Lori iende. Huyu anatembea."

Mama alifunga kibuyu chake, akapanda. Mimi nikaanza safari kwa miguu msituni, nikitunga barua za kuomba radhi kichwani, na kila moja nikiikataa kabla sijaimaliza.

Nilifika Jumanne. Darasa langu lilikuwa na mwalimu mwingine. Nikapewa watoto wadogo kabisa, kama adhabu. Mkuu wa shule aliniuliza, mbele ya wenzangu, kama ninajuta kuchelewa. Nilimweleza habari yote toka mwanzo, kisha nikamwambia hapana.