Vikombe Viwili vya Mtori

Ngiri ya baba ilikuwa kubwa kama papai, nami sijaongeza hata kidogo. Ilimtesa mpaka akashindwa kupanda hadi kwenye shamba lake la migomba huko mlimani Meru. Daktari wa upasuaji alikuja hospitali yetu mara moja tu kila miezi mitatu. Jioni ya kuamkia siku yake, nesi aliniagiza mzee asile wala asinywe chochote hadi apasuliwe.

"Nimeelewa, sista," nikajibu kisomi.

Lakini kwetu mgonjwa hanyimwi mtori, ule mchuzi wa ndizi zilizopondwa na nyama. Asubuhi nikamletea chupa nzima, mzito hata kijiko kinasimama chenyewe. Baba akamaliza vikombe viwili.

"Shikamoo mzee. Umekula?" daktari akauliza.

Baba ni mzee wa kanisa, hajui kudanganya. "Marahaba. Mtori tu."

"Nikikupa dawa ya usingizi, huo mtori utapanda, uingie kwenye mapafu, ufe. Nani kakupa?"

Wodi nzima ikanigeukia.

"Basi huyo ndiye akupasue," daktari akasema, akaenda kitanda cha pili.

Wagonjwa walicheka hadi mmoja akashika mshono wake. Baba alishuka kitandani taratibu, ngiri kaishika kwa mikono miwili.

"Umesoma miaka minne shule ya usiku," akaniambia, "na neno moja la nesi limekushinda."

Alisubiri miezi mitatu mingine kwa maumivu. Kila nilipomwekea sahani, aliniuliza mbele ya wageni, "Nesi karuhusu?"