Mama Asiyesalimia

Ukumbi wa filamu wa baba mdogo, hapa Kasongo, hauna dirisha. Madirisha yote yalizibwa kwa mabati ili wasiolipa wasichungulie. Kila asubuhi, kabla ya wateja, aliniacha niingie, akafunga mlango kwa nje asije mtu akaingia bure, naye akaenda zake sokoni. Humo ndimo nilimojifunza kuandika Kiingereza: nasikiliza sentensi moja, nasimamisha picha, naiandika, narudia. Nikichoka, nafungua riwaya niipendayo, nasoma aya moja, naifunika, naiandika upya kwa kichwa changu. Jasho lilidondokea karatasi. Nje pikipiki ziendazo Kabambare zilipita bila mimi.

Nilitaka kutoka. Kulikuwa na mafunzo ya waandishi katika nchi ya jirani. Waliomba kurasa mbili tu za Kiingereza kuhusu mtu ninayemjua vizuri, mwisho Ijumaa. Nikamwandika mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, jirani akija kuomba moto.

Jumatano nikamsomea, nikimgeuzia kwa Kiswahili. Akacheka mpaka akaketi.

"Huyu mama iko polisi?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mutu anaingia kwangu, ninamuuliza 'Unataka nini?' Hata jambo hakuna? Jirani atasema nimerogwa!"

Alisema kweli. Katika filamu zangu hakuna anayesalimia. Watu wanafungua mlango, wanatupa neno lao, wanaondoka. Riwaya ninayoipenda nayo ni vivyo hivyo. Kiingereza chote nilichokuwa nacho kilikuwa cha watu wenye haraka.

Nikarudi ukumbini, mlango ukafungwa. Nikaweka salamu: mumeamkaje, watoto, shamba, mguu wa bibi, ndugu walioko Lusangi. Kwa Kiingereza zilitoka kama maswali ya daktari. Niliandika na kufuta mpaka jirani akaanza kujibu kama jirani. Lakini hapo kurasa mbili zilikuwa zimejaa.

Ijumaa nilisimama na simu mlangoni mwa jiko.

"Sasa ninasalimia?" mama akauliza.

"Sana."

"Na sombe?"

"Hujaanza hata kutwanga, mama. Nafasi imekwisha."

"Basi wangoje," akasema, akageukia sufuria zake.

Nikatuma. Mpaka leo anayengoja ni mimi.