Mstari Nilioupitisha kwenye Mahindi

Mkoa wetu ulikuwa bado mpya nilipopewa kazi ya kuchora ukingo wa Ziwa Basotu kwenye kompyuta, nikifuata picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Niliona miti imesimama ndani ya maji, lakini sikujiuliza. Kumbe picha zilipigwa mwaka wa mvua kubwa.

Huku kwetu maji yakirudi nyuma, watu huyafuata na jembe. Mjane mmoja alilima hivyo miaka mingi. Ramani yangu ililiweka shamba lake ziwani, akaamriwa kuondoka. Akaja ofisini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiye wewe mchoraji? Haya, nionyeshe mahindi yangu yanavyoogelea.”

Nilimwonyesha. Aliangalia sana.

“Ni kweli, maji yalifika hapo. Yalikaa msimu mmoja tu.”

Nilimweleza mkubwa wangu. Akasema ramani imeshasainiwa. Simlaumu yeye peke yake; alinipa picha, mstari niliuchora mimi. Labda ningeandika barua. Sikuandika.

Mama aliyakata mahindi yakiwa hayajabeba, akawapa ng'ombe wa jirani, maana yeye hakuwa na ng'ombe.