Siku Tuliyomchagulia Baba Projekta

Baba yangu alikuwa fundi wa gari la sinema la serikali. Utoto wangu wote alikuwa mtu wa safari: leo Chilangala, kesho Tandahimba, keshokutwa Lukuledi. Alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, akawaonyesha watu filamu za kilimo na za kuchimba vyoo, na mwishoni, kama mafuta ya jenereta yalibaki, kichekesho kimoja. Pale Newala watoto wenzangu waliniheshimu kwa sababu yake.

Ilipokuja ruksa, kila mtu akawa huru kuuza na kununua atakacho, na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Baba akapewa barua. Gari likaegeshwa mpaka majani yakafunika magurudumu. Mjini yakaota mabanda ya video, televisheni moja mbele na mabenchi ya mbao nyuma. Baba aliingia mara moja, akatoka kabla filamu haijafika katikati.

"Ile si sinema," alituambia. "Watu kibao wanachungulia kidirisha kimoja."

Ndipo akajenga chumba nyuma ya nyumba, bila dirisha, na ukuta mmoja akaupaka chokaa mara tatu. Hakikuwa cha biashara. Alitaka wajukuu waone picha kubwa kama tulivyoziona sisi. Wakati huo nilikuwa mjane, nafundisha shule ya msingi Masasi, na mikorosho aliyoniachia marehemu mume wangu ilikuwa imezaa vizuri. Nikamwahidi kwamba projekta nitanunua mimi.

Siku ya kuichagua alishuka kwenye basi akiwa amemshika Mama kiwiko. Sikuwa nimewahi kuwaona wakitembea hivyo. Nikasema moyoni, wazee wangu wanazeeka.

Mwenye duka alikuwa kijana wa Masasi aliyekuwa akifuata bidhaa Dar es Salaam.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuonyeshe."

Alikuwa na mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ya chuma, inayotumia mikanda ya filamu, kama ile ya kwenye gari. Nyingine ilikuwa ya video, nyepesi, ya kuunganisha na deki. Baba aliiendea ile ya chuma. Vidole vyake vikapita kwenye meno ya gurudumu, vikafungua mlango wa taa, vikafunga. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Hii naijua," alisema.

"Baba, mikanda yake tutaipata wapi siku hizi?" nikamuuliza. "Kanda za video zipo kila duka."

Hakuondoa mkono kwenye ile ya chuma. Kijana akafunga mlango ili kupunguza mwanga, akaigeuzia ile ya video ukutani na kuiwasha. Mashine zile feni zake huanza kunguruma kabla taa haijashika. Tulisimama tukisubiri. Ukuta ulikuwa mtupu kabisa.

"Aa, picha safi," Baba akasema, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Rangi zimekaa vizuri sana."

Kijana aliniangalia. Nikamwangalia Mama, naye akainamisha kichwa na kuanza kukaza fundo la khanga yake. Baadaye kidogo taa ikashika, ukuta ukajaa watu wanaocheza ngoma, na Baba akaendelea kutikisa kichwa vilevile, kwa kipimo kilekile.

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema kitu. Nilikwisha kujua. Lakini kusema kungefanya iwe kweli pale pale dukani, mbele ya mgeni. Nikageukia mambo ya deki na nyaya, nikanunua ile ya video. Nilimnyima mashine pekee ambayo mikono yake ingeweza kuiendesha bila macho, nikamletea ile ambayo haikuwa na chochote cha kumpa.

Kituoni, Baba alipokwenda msalani akisindikizwa na utingo, nilimbana Mama.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa. Alinikataza nisikwambie. Anasema ukijua utamwondolea chumba chake."

Jumapili iliyofuata tulifungua chumba. Wajukuu waliketi kwenye mkeka, mchana kweupe nje na giza ndani. Mimi nilikuwa nahangaika na nyaya. Baba alibeba kiti chake mwenyewe, maana hakutaka kusaidiwa, akapapasa ukuta, akakaa. Picha ilipotokea, nikaona amekaa akiutazama mlango. Ukuta wa chokaa ulikuwa nyuma yake.

Watoto walimtazama, wakanitazama mimi, wakarudisha macho kwenye picha. Naye alikaa wima, mikono magotini, akiuangalia mlango uliofungwa. Kisha kikaja kipande cha kuchekesha na watoto wakashindwa kujizuia. Kicheko kilisikika nyuma yake, kikielekea ukutani. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

Nilimsogelea nimgeuzie kiti. Akanishika mkono akauondoa, taratibu, akainuka na kutoka nje.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kwamba mshipa umeshakufa. "Mngemleta mapema," alisema, bila ukali. Sikumweleza kwamba kwetu hakuna aliyejua kuwa ugonjwa usiouma nao hupofusha. Nilirudi kwa yule kijana kuulizia ile projekta ya chuma. Alikwisha kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Baba hakuingia tena chumbani. Mwanzoni watoto waliangalia wenyewe, wakipunguza sauti asisikie, mpaka globu ikaungua na nyingine ikakosekana, hata Mtwara. Mama akaanza kuweka mle magunia ya makopa ya muhogo, kwa kuwa palikuwa pakavu.

Kila nilipokwenda kuwasalimu nilimkuta barazani. Nilijaribu kumsimulia wanaopita njiani: fulani kabeba ndoo, fulani kavaa shati jipya. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.

"Inatosha, mwanangu," alisema siku moja. "Usijichoshe."

Nikanyamaza, tukakaa.