Ugonjwa Mmoja kwa Siku Moja

Harufu ya dagaa wanaoanikwa Katonga ikinifikia, kwanza namkumbuka Mama, kisha nakasirika. Ndiyo, nakasirika, miaka yote hii! Tulikuwa tumekimbia vita Burundi, shangazi yake akatupokea Buzebazeba. Mama akawa ananunua dagaa mwaloni na kuwauza sokoni Ujiji, huku uvimbe pajani ukikua kimyakimya chini ya kitenge. Daktari alituambia ni saratani ya nyama, ya aina ambayo katika kazi yake yote alikuwa ameiona mara mbili tu. Alikuwa amemkata kipande kidogo cha kwenda kupimwa, na kidonda kile kikagoma kupona.

Sasa sikieni ukaidi wa mama yangu. Alikuwa na madaftari mawili ya hospitali, la uvimbe na la sukari. Jumatatu alibeba la sukari, Jumatano la uvimbe, na hata siku moja hakuyabeba pamoja. Sisi ni wageni, alisema, na mgeni hamwagi shida zake zote mbele ya mwenyeji. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alinikumbusha, utadhani daktari angeturudisha tulikotoka kwa kosa la kuugua mara mbili. Ugonjwa mmoja kwa siku moja, hiyo ndiyo ilikuwa adabu yake. Na ule wa tatu haukuwa na daftari kabisa. Tangu tuvuke alikuwa halali. Alijiegemeza ukutani na viatu miguuni, tayari kukimbia, na kukicha akasema ameamka salama. Majirani waliuita mawazo, wakamshauri asali. Jamani, mwanamke yule alikuwa anasali kumshinda padri!

Jumatano moja daktari alikitazama kidonda, akaguna. Tarehe ya upasuaji alikuwa ameshaiandika.

"Mama, huna tatizo jingine lolote?"

"Sina, daktari. Niko salama kabisa."

Salama! Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hiyo salama yake ilikuwa imenifika kooni. Daftari la sukari nilikuwa nimelificha ndani ya sweta ya shule. Nikalitoa, nikaliweka mezani.

"Shikamoo daktari. Ana sukari. Tena halali. Anakesha amevaa viatu."

"Ceceka!" Mama alinikaripia ninyamaze, akanifinya mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akaifuta ile tarehe.

"Ningempasua hivihivi, ningempoteza," akasema. Akavuta kiti karibu na Mama, akamwomba amweleze habari za viatu.

Mama alininunia siku tatu. Alipewa dawa za sukari upya, na kila wiki akawa anakaa na muuguzi mmoja mtu mzima, wanazungumza tu. Kidonda kikafunga, akapasuliwa, akaishi hadi kumbeba binti yangu mgongoni. Viatu alianza kuvivua mwaka uliofuata. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia mara ngapi sijui, naye akacheka tu.

Leo mimi si mgeni wa mtu. Nina nyumba yangu Kasingirima na watu wananiita mwenyeji. Juzi nilikwenda kliniki ya presha, muuguzi akaniuliza kama nina tatizo jingine. "Sina, mwanangu," nikamjibu, "niko salama." Binti yangu akafungua mkoba wake, akatoa kadi yangu ya sukari, akaiweka mezani bila hata kunitazama. Leo ni siku ya tatu simsemeshi.