Mvua Yenye Povu

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Kwa kazi alikuwa fundi saa: kibanda cha mabati, meza moja, taa ya shingo ndefu, na kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kama mtu aliyekonyeza akasahau kufumbua. Lakini saa zilimlisha tu. Kilichomvimbisha kichwa kilikuwa mvua. Kwa miaka thelathini na moja, kila siku ya Mungu, saa tatu kamili asubuhi, alisimama kwenye uwanja wa shule ya msingi mbele ya kipimamvua cha idara ya hali ya hewa, akapima kilichoingia tangu jana, akaandika kwenye daftari. Hakuna aliyemlipa. Idara ilimpa madaftari, penseli, na mwaka mmoja ikampa mwavuli, ambao upepo uliuchukua wiki hiyo hiyo. Idara ya hali ya hewa, jamani, na haikujua kwamba upepo unakuja.

Usiyekijua kipimamvua usijione mjinga, hata wenye vyeti ukutani hawakijui. Ni mkebe wa shaba unaofika gotini, juu una faneli, ndani una chupa. Mvua inaingia juu, inatulia chini. Asubuhi unaimimina kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, unachutama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma, unamwaga. Kazi ya dakika tatu, ila yeye alikuwa na uwezo wa kuieleza kwa saa nzima bila kumeza mate.

Mambo yote ya nyumbani kwake aliyakumbuka kwa mvua. Watu wengine ukiwauliza mtoto wao alizaliwa lini, watakupa tarehe. Yeye alikupa milimita themanini na saba nukta nne, barabara imekatika, mkunga kabebwa mgongoni. Siku aliyooa ilikuwa nukta mbili tu, manyunyu, na mkewe husema mpaka leo kwamba hata mawingu siku ile hayakuwa na uhakika. Mwaka wa ukame alikwenda siku arobaini na tisa mfululizo kuikagua chupa kavu, na kila siku akaandika sifuri kwa mwandiko wa kujipinda, kana kwamba sifuri nayo mtu anaweza kuikosea.

Na daftari halikuwa na pengo. Hilo ndilo alilokuwa akikuambia kabla hujamaliza kumpa saa yako mbovu. Miaka thelathini na moja, hakuna siku tupu. Hata mwaka ule kifua kilipomlaza siku nne, mkewe akishinda kando yake na maji ya moto, binti yao wa miaka kumi na mmoja alikwenda badala yake na kurudi na namba. "Kumi na mbili nukta tatu," Milimita alikuwa akisimulia, huku kidole kikiwa juu. "Nukta tatu! Mtoto wa darasa la tano! Wengine wangesema kumi na mbili, wakaenda zao kucheza."

Kisha ugonjwa ukaja. Kwanza ulikuwa wa redioni, wa nchi za watu. Halafu ukawa wa mji mkuu. Halafu shule zikafungwa, watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko kama wanaogombea foleni, na kibanda cha fundi saa kikakosa wateja, maana nani anajali saa ikisimama au ikienda wakati hana pa kwenda?

Binti yule wa nukta tatu alikuwa sasa muuguzi, mtu mzima mwenye viatu vya kazi na maneno machache. Alipangiwa wodi ya ugonjwa huo mpya, akahamia kwenye bweni la hospitali ili asiulete nyumbani. Siku kumi na saba hakukanyaga mlangoni. Mama yake aliendelea kutandika kitanda chake kila asubuhi, na simu aliiweka ndani ya gauni, kifuani, ili ikilia imshtue yeye kwanza. Yakipita masaa bila simu, alifuta meza ambayo tayari ilikuwa imefutwa.

Binti alitoa amri moja tu, na hakuirudia. Baba asitoke. Kifua chake kinachopiga filimbi kila baridi ikija ndicho hasa ugonjwa huu unachokitafuta. Asitoke sokoni, asitoke kibandani, asitoke uwanjani. Akitoka, alisema, atajua, na akijua hataweza kushika sindano mkono usimtetemeke.

Milimita alikubali vyote isipokuwa uwanja. Alijaribu kueleza kwamba ni hatua mia nne tu, kwamba saa tatu hakuna mtu, kwamba angeshika pumzi. Mkewe alimwuliza kwa upole kama miaka yote hii amewahi kushika hata ulimi. Mambo yakaishia hapo.

Ndipo alipomkumbuka Kofia, mlinzi wa shule, anayeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Kofia alikuwa mtu mwaminifu, mwenye simu ya tochi, na kwa kuwa shule imefungwa alikuwa akilinda madawati matupu tu. Milimita alimfundisha kwa simu kutwa nzima, kuchutama, jicho sawa na maji, soma bonde la maji, pale katikati yanapobonyea, si kingo zake. Akamwapisha alinde mkebe ule kama mboni ya jicho lake, na zaidi ya yote aandike anachokiona, si anachokitaka.

Siku nane mambo yalikwenda kama saa iliyotoka kwa fundi. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, anga jeupe, na kila saa tatu Kofia alipiga simu kusema sifuri. Milimita akaandika sifuri, akampigia binti yake hospitali akamwambia ni sifuri. Binti alisema sawa Baba, akarudi kazini. Hayo yalikuwa mazungumzo yao yote, na kwa wote wawili yalitosha, kwa sababu maana yake ilikuwa nipo, na wewe upo.

Siku ya tisa Kofia alisema thelathini na moja.

Milimita alitazama nje. Vumbi lilikuwa limelala barabarani kama kawaida, na nguo za jirani zilikuwa zimekauka kwenye kamba mpaka zimesimama zenyewe. Alimwomba Kofia asome tena. Kofia akachutama tena, akasema thelathini na moja, na sauti yake ilikuwa na kinyongo kidogo.

"Mzee, si uliniambia niandike ninachokiona?"

"Nilisema."

"Basi mimi ndicho nakiona."

Alijaribu kuamini. Alikumbuka mwaka mmoja mvua ilipiga upande mmoja wa mtaa ikauacha wa pili mkavu, watu wakavuka barabara kwenda kuloa. Lakini thelathini na moja ni mvua ya kuhamisha kuku. Mwishowe aliandika 31 kwa penseli, akaweka alama ya kuuliza pembeni, alama ya kwanza ya kuuliza katika maisha ya daftari lile, na siku nzima akawa mtu wa kupita pita karibu na meza.

Kesho yake kabla ya saa kumi na mbili asubuhi mvua halisi ikaja. Ya kwanza ya msimu, ile ambayo wakulima na idara na kila mtu huihesabia mwaka. Ilianza kama mtu anayegonga dirisha kwa kucha, halafu ikamwagika kwenye mabati mpaka mume na mke wakawa wanaongea kwa kuonyeshana vidole. Milimita alikaa kitandani anatabasamu. Kifua kilipiga filimbi kwa ajili ya baridi, naye akajifanya hasikii. Saa tatu kamili simu ikalia.

"Hamsini na nane," alisema Kofia. "Ila mzee, mvua ya mwaka huu ina povu."

Milimita akauliza, akauliza tena, na jibu likatoka kidogo kidogo. Serikali ya mtaa ilikuwa imeleta ndoo ya kunawia mikono, yenye bomba na kipande cha sabuni, kwa ajili ya watu wanaoteka maji kwenye tangi la shule. Kofia hakutaka matope langoni. Akatafuta mahali pa kumwaga maji machafu, na palepale akakiona kitu kizuri chenye faneli, kimetengenezwa kabisa kupokea maji, tena kina uzio ambao ungemwezesha kuilinda ndoo na mkebe kwa jicho moja. Akaisimika ndoo juu yake tangu juzi. Alikuwa akijisifia moyoni kwamba amefanya kazi mbili kwa mkono mmoja.

Milimita hakumkaripia. Angemkaripia vipi mtu aliyefanya yote aliyoambiwa? Alimwambia tu aiondoe ndoo, aoshe mkebe, aufute ukauke. Akakata simu, akakaa na penseli juu ya mstari wa leo.

Mkewe, ambaye kwa miaka thelathini na moja alidai hana habari na mkebe ule, alisema basi si atoe tu. Jana watu walinawa thelathini na moja, leo ni hamsini na nane, atoe, aandike ishirini na saba, nani atajua? Milimita akasema leo walioteka maji huenda ni wachache, au wengi, au wamenawa viwiko. Lakini penseli ilikuwa imeshagusa karatasi, na mbili ilikuwa imeanza kujipinda. Aliitazama. Halafu akaiweka penseli chini, akainuka, akachukua koti la mvua kwenye msumari.

Alisema anakwenda kutazama tu. Mara moja. Asome matope, aone michirizi, apate namba anayoweza kuiapia, maana mvua ya kwanza haiwezi kuwa tupu. Filimbi ya kifua ilisikika mpaka jikoni.

Mkewe hakuziba mlango wala hakupandisha sauti. Alichomoa simu kifuani, akabonyeza, akampa.

Binti alisikiliza habari yote, ya ndoo, ya povu, ya koti. Nyuma yake palikuwa na magurudumu ya kitanda yakipita.

"Baba," alisema, "zile siku nne nilipokwenda badala yako. Sikwenda."

"Ulikwenda. Uliniletea namba."

"Nilifika kwenye kona. Ndani ya uzio palikuwa na chura mkubwa kama sahani, ananitazama. Nikasimama pale mpaka nikaona muda umetosha, nikarudi. Siku zote nne. Namba nilizitunga njiani."

Milimita alikaa kwenye mkono wa kiti, koti likiwa bega moja.

"Hata kumi na mbili nukta tatu?"

"Hata hiyo. Niliweka nukta ili uamini."

Mkewe alikuwa akitazama ukuta kwa bidii kubwa.

"Ilikuwa namba nzuri," alisema Milimita mwishowe.

"Daftari lako lina mapengo tangu nina miaka kumi na mmoja, na bado ni daftari. Hutalijaza kwa kifua chako, Baba. Humu ndani nina watu wenye vifua kama chako. Nawageuza kitandani wapate pumzi, usiku na mchana. Sitaki kukugeuza wewe."

Sauti haikutetemeka, ila mwishoni aliivuta pua, na hakuwa na mafua. Milimita alisema amesikia. Alilitundika koti kwenye msumari, akalinyoosha mabega kama linavyonyooshwa koti la mgeni.

Halafu akavuta boksi chini ya kitanda, akapekua madaftari mpaka akalipata la mwaka ule. Karatasi imekuwa rangi ya chai. Namba nne zilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe wa mgonjwa, zikiegemeana, 4.6, 12.3, 0.8, 7.0. Akachukua rula, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kila moja, bila haraka, na pembeni akaandika haikusomwa. Kwenye kumi na mbili nukta tatu alikawia kidogo, akaipiga nayo. Akarudi kwenye daftari la sasa. Thelathini na moja, mstari. Ile mbili iliyoanza kujipinda, akaifuta kwa ufutio mpaka karatasi ikapata manyoya. Haikusomwa.

Mkewe alileta maji ya moto yenye mvuke na taulo, akamfunika kichwa. Chini ya taulo alisikika akisema kwamba mkebe mzima umejaa sabuni. Mkewe akasema angalau ni msafi kuliko watu wengine humu ndani.

Kesho yake, saa tatu kamili, Kofia alipiga. Mvua ilikuwa imenyesha tena usiku. Ndoo sasa ilikuwa langoni, na juu ya uzio alikuwa ametundika ubao, kwa chaki: HIKI NI CHA MUNGU, NAWA PALE. Kipimo, tisa nukta moja. Amechutama. Hakuna povu.

Milimita aliandika, akampigia binti yake akamwambia tisa nukta moja, na yeye akasema sawa Baba. Lakini hakukata. Akauliza, na ya jana je?

"Ya jana sijui," alisema Milimita.

Lilikuwa neno ambalo hajawahi kulitumia kuhusu mvua, na lilitoka vizuri tu. Upande wa pili binti akacheka, mara moja, kicheko kifupi cha mtu aliyesimama kwenye korido. Mama yake alikuwa ameshanyoosha mkono kuidai simu. Lakini binti alikuwa na swali moja zaidi kwa baba yake: idara wakiuliza kuhusu hilo pengo, atawaambia nini?

"Nitawaambia niliogopa chura," alisema, akampa mama yake simu.