Kipara cha Mwanangu na Panya wa Kijiti

Ninyi vijana wa kiume mtakaosoma hii, mnaojitazama kwenye simu asubuhi kabla hamjanawa uso, kaeni chini. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, kule kwetu milimani Fizi, kwa hiyo mkikuta neno limepinda, linyoosheni wenyewe. Lakini nimeishi na wanaume watatu wenye kipara: baba yangu, mume wangu, na sasa mwanangu. Kwa somo hili mwalimu ni mimi.

Baba yangu nywele zilimtoka mapema, akashukuru. Kwetu mwenye kipara aliitwa tajiri hata akiwa na mbuzi mmoja. Mume wangu alikipaka chake mafuta ya mawese kila Jumapili ili king'ae. Hakuna kati yao aliyetafuta dawa. Tulidhani dawa ni ya mgonjwa.

Mwanangu ni fundi wa kushona nguo hapa Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, na ndiye anayeongoza kwaya kanisani kwetu. Sasa fikirini: anayeongoza kwaya anawapa watu kisogo. Nywele zilipoanza kumkimbia utosini, kanisa zima lilikuwa likiziangalia zinavyoondoka. Akaanza kuongoza amesimama upande upande, kama kaa wa ziwani.

Wanaume wenzake walikuwa wanakuja kukaa karibu na mashini yake ya kushona, nami nikichambua maharagwe pembeni nilisikia mafundisho yote. Wanaume hawa walikimbia vita, wakavuka nchi mbili kwa miguu, hawakulia. Lakini nywele! Mmoja alipaka maji ya kitunguu wiki baada ya wiki, akapata nzi. Mwingine alinunua mafuta sokoni Chilinde, akaambiwa ni ya nyoka. Ngozi ilimchubuka, akatembea amefunga kitambaa, akasema ni jipu. Wa tatu, shemasi, alimeza vidonge vya mjini kwa miezi. Huyo alipata kidogo, manyoya ya kifaranga, lakini nyumbani mambo mengine yakalala.

"Ndugu zangu, nywele ilikuja," aliwaambia kwa sauti ndogo. "Ila bibi yangu anauliza kama nilimuoa aniangalie kichwa tu."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Shemasi akaviacha vidonge, akarudi kwa mke wake, na kifaranga kikaruka.

Mwanangu hakucheka. Wiki ile alikwenda mjini, Old Town, kununua nyuzi na vifungo, akarudi na nyuzi, vifungo, na kofia ya sufu. Alisema kichwa kinasikia baridi. Ulikuwa mwezi wa kumi, mbuzi wenyewe wanapigania kivuli.

Kitu cha nne alichorudi nacho hakutuambia. Kilikuwa kichupa cha dawa ya matone, nacho alikificha ndani ya droo ya mashini, chini ya nyuzi. Alipaka asubuhi, akapaka jioni. Dawa ile inataka hewa ili ikauke, kwa hiyo ndani ya ua wetu kofia aliivua. Na ndani ya ua wetu kulikuwa na mtoto wake wa kike, wa miezi minane. Mtoto akilia, baba anampandisha shingoni. Mtoto anashika kichwa kwa mikono miwili, analaza shavu utosini pale pale, analala. Majirani walisema, tazama baba mwenye upendo.

Miezi miwili haikuisha, mtoto akaota nywele. Siyo kichwani. Zilimwotea kwenye paji la uso, mashavuni, mikononi, nyeusi na laini. Mkamwana wangu akifika bombani na ndoo yake, wanawake wananong'onezana.

Na mimi mwenye akili nyingi nilifanya nini? Nilikumbuka panya.

Hapa Malawi vijana wanauza barabarani panya wa shamba, wamechemshwa na kukaushwa, wamepangwa kwenye kijiti, manyoya yao bado yako mwilini. Wanawaita mbewa. Sisi kwetu hatuli. Lakini mkamwana wangu, ambaye ni Mrundi, alipokuwa na mimba alitamani, akala kijiti kizima mbele ya macho yangu. Niliweka akiba hilo jambo moyoni, kama tunavyoweka sisi wakwe. Siku ya haja nikalitoa, mbele ya majirani.

"Ulikula panya na manyoya yake. Njo hii imetokea kwa mutoto."

"Mama, bantu bote ba hapa banakula mbewa. Batoto babo iko na manyoya?"

"Bale iko kwabo. We uliolewa kwetu."

Jibu la kijinga kabisa. Lakini nililisema kwa sauti kubwa, na nyumbani kwangu sauti kubwa ni sheria. Mwanangu alikuwa kwenye mashini yake, mguu unakanyaga. Hakuinua uso. Tangu siku ile, bombani mkamwana wangu akaitwa mla-panya, na mtoto akaitwa panya.

Tulimpeleka mtoto kwa waganga wa zahanati, sisi watatu. Muuguzi alimgeuza mbele na nyuma, kisha akauliza kupitia mkalimani, "Nyumbani kuna mtu anayepaka dawa ya kuotesha nywele?"

Nilimjibu mimi, haraka, kabla swali halijapoa. "Sisi ni ukoo wa kipara, muganga. Tungepaka wapi?" Nikamwonyesha mwanangu kama ushahidi. Yeye akakohoa, akaanza kusoma picha ya mbu ukutani. Mtu ambaye sauti yake inafika mpaka barabarani kila Jumapili, siku ile alihesabu miguu ya mbu. Muuguzi alimtazama kidogo, akatuambia tumlete tena mtoto.

Siku tatu baadaye mkamwana wangu akaanza kufunga vitu vyake. Kaka yake anakaa mjini, Area 23, anauza nguo za mitumba. Alisema anakwenda kwake na mtoto, na kurudi hakuna.

"Mi sitakaa mahali mutoto wangu anaitwa panya."

Hakulia. Mwanamke anayelia unaweza kumbembeleza. Anayekunja nguo kimya, moja juu ya moja, huyo ameshaondoka.

Nikaona mkanda wa mfuko wake umekatika. Hata kwa hasira, singekubali mke wa mwanangu atoke kwangu na mfuko uliochanika, watu wangesema nini? Mwanangu alikuwa ametoka kupeleka suruali ya mtu. Nikaenda kwenye droo ya mashini kutafuta sindano. Chini ya nyuzi nikakuta kichupa, na juu yake picha ya mwanaume mwenye nywele nyingi anayecheka kama hajawahi kudaiwa chochote duniani.

Kiingereza sikijui. Mkamwana wangu alimaliza sekondari. Nikakiweka kichupa juu ya nguo alizokunja.

"Soma."

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akanisomea kwa Kiswahili: ni dawa ya nywele za wanaume, anayepaka anawe mikono, isiguse mtoto. Halafu akanitazama. Sijazoea kutazamwa vile nyumbani kwangu, na nilistahili.

Mwanangu aliporudi, alikikuta kichupa juu ya kiti chake.

"Iko ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mi, mama."

"Na kule kwa muganga mudomo ulikuwa wapi?"

"Niliogopa. Mungenicheka."

"Kila siku naitwa mula-panya," mke wake akasema, "na we unalala pembeni yangu na dawa kichwani."

Mwanangu akaivua kofia. Tukatazama sote. Utosini palikuwa vile vile, uwanja wa mpira. Siwezi kusema aliuziwa dawa ya uongo. Ilifanya kazi vizuri sana, ila ilikosea kichwa.

Alirudi kwa muuguzi peke yake, kwa miguu yake, akasema kwa mdomo wake. Akaambiwa asipake tena, nywele za mtoto zitaanguka zenyewe polepole. Na kweli, leo mashavu yamekwisha kuwa safi, mikono bado kidogo.

Lakini mzigo wa mkamwana wangu ulikuwa bado umefungwa. Mimi siyo mtu wa kuomba msamaha, sikufundishwa. Asubuhi yake nilikwenda barabarani, nikanunua kijiti cha mbewa, nikarudi kwa njia ya bombani, nimekishika juu kama bendera, wanawake wote waone. Nikakaa pembeni yake, nikachomoa panya mmoja, nikamla na nsima, ugali wa hapa, kichwa mpaka mkia.

"Iko na chumvi," nikasema.

Alinitazama nikitafuna. Akachomoa wa kwake, na kwa mkono mwingine akaanza kufungua fundo la mzigo.

Adhuhuri niliwaita wote wa nyumba yangu, nikawaambia nikiwa nimesimama: "Ile chupa nimeshaitupa chooni. Jumapili we utasimama mbele ya kwaya sawasawa, bila kofia, bila kujipinda. Na kuanzia leo, mutoto akiota kitu humu ndani, mutu asiulize mama alikula nini kabla hajamuuliza baba alipaka nini. Hata mimi."